Likizo ya Kiboko Kisiwani kwa Kaa

— Jamani, nina ngano!
— Ilete!
— Ina chumvi, ina mchanga.
— Ilete hivyo hivyo!

Haya, wa nyuma kaeni, na anayetafuna ameze kwanza.

Mbali huko, bahari ya Karibi, palikuwa na kisiwa kidogo, ukipiga chafya upande huu wanakuitikia upande ule. Kisiwa kilikuwa cha kaa. Walichimba mashimo yao ufukweni, na kila mwaka kaa jike waliteremka majini na mayai yao, wakayatikisa, tik-tik-tik, watoto wakaenda na maji. Ufukwe mwingine hawakuwa nao.

Sasa Kiboko, huko mtoni kwake, akachoka. Kachoshwa na nini, msiniulize. Kazi yake ilikuwa kula na kulala. Akasema anataka likizo, tena likizo ya ufukweni. Akamtuma Mwari, yule ndege mwenye mdomo kama kapu, atangulie kupanga mipango.

Mwari akaruka, pa-pa-pa, akatua kisiwani. Akatoa maagizo: mashimo yote yafukiwe, Bwana Kiboko apate mchanga laini wa kulalia, na kaa wote wahame, maana miguu yao itampigia kelele.

Kaa wakubwa wakaanza kufunga mizigo. Bi Mize, kaa mdogo kuliko wote, mwenye gando moja tu, akawaambia wafungue.

"Tuhame twende wapi? Hapa ndipo mama zetu walipotutikisia majini." Kisha akamgeukia Mwari. "Mashimo hatufukii, na kuhama hatuhami. Akitaka kuja, aje. Ila mti ule mkubwa wenye kivuli, asiuguse. Ule si wake."

Niwaambie nyinyi, maana Mwari hakuuliza. Mti ule tunda lake lanukia vizuri, lakini utomvu wake waunguza kama maji ya moto. Kaa pekee ndio walikula tunda lile wasidhurike.

Mwari akaruka, pa-pa-pa, akapeleka habari. Kiboko akavimba kwa hasira. Ngozi yake haivumilii jua, na kunyimwa kitu hajawahi. Mambo ya mashimo yakamtoka kichwani. Sasa alitaka mti.

Mwari pa-pa-pa. Akamkuta Bi Mize chini ya mti anakula tunda, kacha-kacha-kacha.

"Hapana," akasema. "Mti ni wetu."

Mwari pa-pa-pa. Kiboko akataka mti na matunda yake yote.

Mwari pa-pa-pa, mabawa sasa yanamuuma.

"Hapana. Hata ukirudi kesho, ni hapana."

Kiboko hakungoja tena. Akajitosa baharini, chubwi, akaogelea mpaka akaibuka ufukweni, Mwari akimwangalia kutoka juu. Bi Mize alikuwa amesimama mbele ya mti, gando juu, mwili mzima haufiki ukucha wa Kiboko. Moyo ulimdunda, nisiwadanganye. Akikanyagwa yeye, nani mwingine angeutetea ufukwe?

"Toka," Kiboko akasema.

"Sitoki. Mti huu haukufai."

"Anayejua kinachonifaa ni mimi."

"Haya. Umesema mwenyewe, na Mwari kasikia." Akasogea kando.

Kiboko akajibwaga kivulini, pu! Akala matunda bila kutafuna. Mvua ikanyesha, majani yakamdondoshea utomvu mgongoni, to-to-to. Koo likawaka moto. Midomo ikavimba. Mgongo ukajaa malengelenge. Akagaagaa, na kila akiugonga mti, mti ukammwagia zaidi. Akakimbilia baharini, chumvi nayo ikaingia kwenye vidonda. Akaogelea kwao analia, hata kuaga hakuaga.

Mwaka ule kaa jike waliteremka majini na mayai yao, tik-tik-tik, na Bi Mize akiwa wa mbele.

Ngano naitua hapa. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, niachieni, nitaila mwenyewe.

Funzo mnalitaka? Funzo ni kwamba mgeni habishiwi. Anachokitaka mpe, tena mpe chote. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Na kaa, wallahi, walipona.