Kwa Nini Misalaba Yetu Ina Herufi Tatu

Vijana wa kipaimara, mmeniuliza kwa nini misalaba ya makaburini kwetu imeandikwa R.I.P. na jina tu, na kwa nini tukifika pale tunayasema maneno yote kwa sauti. Nitawaeleza, na Mungu anisamehe, maana kosa lilikuwa langu.

Kulikuwa na wakati hapa Kilangare ambapo hakukuwa na neno lililofupishwa. Misalaba tuliitengeneza kwa saruji, na maandishi yalichorwa kwa msumari ikiwa bado mbichi. Mchoraji nilikuwa mimi, kwa sababu nilifika darasa la nne na nilikuwa na Kiingereza kidogo. Niliandika Rest in Peace nzima, yaani Pumzika kwa Amani, nikaongeza Our Beloved Mister, Bwana wetu mpendwa, tena kwa mwandiko wa madaha. Jua la Upare halimsubiri mtu. Nilipolifikia jina, saruji ilikuwa jiwe. Basi tukawa na makaburi sita ya wapendwa wasio na majina. Wajane wawili, Nakijwa na Ndekusara, walilia wiki nzima kwenye kaburi moja, kila mmoja akijiuliza mwenzake alimjua mumewe tangu lini.

Ndipo mchungaji akatangaza kwamba Jumapili angebariki makaburi, na kila marehemu angetajwa kwa jina lililo msalabani. Lisiloandikwa halitatajwa. Nakijwa, mke wa marehemu kaka yangu Elisifa, akanijia Jumamosi mchana na debe lake la mwisho la saruji.

“Shemeji, leo nataka jina.”

“Litaingia nyuma,” nikamwambia. “Mbele nitaweka P.T.O. Maana yake Please Turn Over, tafadhali geuza.”

“Ageuzwe nani? Kaka yako amelala vizuri, mwache!”

Nikamwaga saruji ya msalaba mpya, nikaanza tena na ile R yangu yenye mkia. Nilipomaliza Rest, saruji ilishaanza kushika. Nakijwa akaifuta kwa kiganja.

“Hayo maneno yako yanaanza na herufi zipi?”

“R, I na P.”

“Weka hizo, halafu jina. Mengine tutayasema wenyewe. Midomo haigandi.”

“Watu hawataelewa, shemeji.”

“Kwani sasa wanaelewa?”

Nikaushika tena msumari. Nikaandika R.I.P., na Mister nikaifanya Mr., na jina likaingia lote: Elisifa Mbonea.

Jumapili mchungaji akalisoma. Nakijwa akapaza sauti, “Rest in Peace!” kama nilivyomfundisha njiani, na watu wote wakamfuata. Lakini kwenye ile misalaba mingine mitano mchungaji alisimama, akatafuta, akapita kimya. Ndekusara hakunitukana. Aliniangalia tu, na hadi leo nikipiga magoti kuomba namwona.

Wiki iliyofuata niliifumua yote mitano nikaitengeneza upya. Nakiri mbele yenu: sikuwa nikiwaandikia wafu. Niliwaandikia walio hai, waone Kiingereza changu.

Na tangu siku hiyo, hapa kwetu saruji inabeba herufi tatu na jina, na sisi tuliobaki tunabeba maneno. Wanangu nimeshawaagiza kuhusu msalaba wangu: waanze na jina, na kama saruji itabaki, ndipo waweke hizo herufi.