Kongoni na Kiti cha Mwalimu Mkuu

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo, niwape kisa cha zamani sana, wanyama walipokuwa na shule yao mbugani.

Shule ilikuwa ya wote, lakini mwalimu mkuu alikuwa wa mistari siku zote. Akiondoka pundamilia, anaingia pundamilia. Mwalimu Kongoni, mwenye ngozi ya rangi moja, aliomba kazi hiyo mara mbili. Mara zote mbili Bwana Pundamilia, mwenyekiti wa baraza, alimwambia asubiri.

Mara ya tatu waliomba wawili, yeye na Mwalimu Tandala, mwenye mistari ubavuni. Wakati huo wazazi wa rangi moja, nyati na ngiri, walikuwa wamechoka kuongozwa na wa mistari tu. Walisema watawaondoa shuleni watoto wao wote. Kesho yake tu, Kongoni akaitwa, akaambiwa kazi ni yake.

Ngiri walicheza, vumbi likatimka. Kongoni hakucheza. Alijiuliza: Mbona haraka hivi? Mbona hakuulizwa hata swali moja? Akaenda barazani kuchukua karatasi zake za kuombea kazi. Akazikuta zimefungwa kwa ukindu, fundo ni lile lile alilolifunga mwenyewe. Kando yake zilikuwepo za Tandala. Nazo hazijafunguliwa.

Alimweleza Tandala. Tandala akamtazama kwa shaka, akidhani amekuja kumcheka. Alipoyaona mafundo, akaamini. Wakaenda pamoja kwa mwenyekiti.

"Mwanzo mlinikataa kwa ngozi," Kongoni alisema. "Leo mmenichukua kwa ngozi. Kazi yangu mtaitazama lini?"

"Si umepata ulichotaka?" Pundamilia akauliza.

"Sijui nimepata nini."

Akakataa kukikalia kiti. Basi baraza likafungua karatasi, likakaa madarasani siku tatu, kwa Kongoni na kwa Tandala, likasikiliza watoto wakisoma. Siku ya nne likamchagua Kongoni, na safari hii liliweza kusema kwa nini: hata watoto walioshindikana kwa walimu wengine, kwake walisoma. Tandala aliuliza maswali makali, akajibiwa, akakubali.

Kongoni akaingia ofisini. Hata hivyo, kwa miezi mingi, kila aliposifiwa, alimtazama kwanza machoni yule anayemsifu.

Ndiyo maana nawaambia: anayekataliwa kwa ngozi yake amedhulumiwa, na anayechaguliwa kwa ngozi tu amedhulumiwa pia, na wanaoumia ni watoto. Tazameni kazi ya mtu.

Hadithi yangu inakomea hapo.