Mifuko ya Mashavuni mwa Buku

Kabla panya buku hajawa na mifuko mashavuni, uso wake ulikuwa mwembamba kama wa panya wengine. Siku hizo watoto wa wanyama walisoma shule moja, kando ya korongo, chini ya kilima. Chakula chao walikifunga kwa majani ya migomba, na wakishashiba, majani, magunzi na maganda ya karanga waliyatupa korongoni. Hata wazazi wao walifanya vivyo hivyo. "Korongo halishibi," walisema, kwa kuwa kila masika maji yalishuka yakabeba kila kitu.

Mwaka mmoja korongo likashiba. Mvua ya kwanza tu, maji yalikosa njia, yakaingia darasani. Mwalimu Kobe akawaita wazazi, akawaambia kuwa mvua kubwa ziko karibu, na zikikuta korongo limeziba, shule itahamia ng'ambo ya kilima.

Wengi waliona sawa, maana walikuwa na miguu. Mama Buku alimtazama mwanawe Semeni, aliyezaliwa na mguu mmoja mfupi. Shuleni hapo alifika kwa kubebwa. Kilima kile asingekivuka, na mama mwenyewe asingeweza kumpandisha kila siku huku ana wengine watano nyumbani.

Hakulia. Jioni hiyohiyo alishuka korongoni kuokota taka kabla ya kumchukua mwanawe. Wakati wa kurudi mikono ilikuwa imemshika Semeni mgongoni, basi taka akazijaza mdomoni.

"Mama Semeni, jino limeoza?" Ngedere alimtania. "Au umemeza mtoto wa mtu?"

Mama Buku akapita. Angejibuje na gunzi mdomoni?

Nyumbani majani makavu yakawa matandiko, magunzi yakaziba upepo mlangoni, na karanga zilizosahauliwa kwenye maganda zikalisha watoto. Lakini kila jioni vicheko viliongezeka, na siku ya tano Semeni akaficha uso mgongoni mwa mama yake.

"Mama, acha. Wananicheka."

Mama akatema gunzi. "Watachoka kucheka, mwanangu. Kilima hakichoki." Akaliokota gunzi lake, wakaendelea.

Kesho yake mashavu ya mama yalikuwa yamelegea, hayakurudi tena kama zamani. Korongo bado lilikuwa limejaa, na mawingu yalishatanda. Jioni Mama Buku alipofika, hakumkuta Semeni mlangoni pa darasa. Alimkuta korongoni, akichechemea kwenye matope, vishavu vimetuna kwa maganda ya karanga.

Mtoto wa Ngedere alikuwa ukingoni, jani lake mkononi, tayari kulitupa. Akamtazama Semeni. Akalikunja jani, akalitia kwapani, kisha akashuka. Wenzake wakamfuata. Kila mmoja alirudi kwao na mzigo, na wazazi wao wakaona aibu, wakaja kumalizia. Mvua kubwa ziliposhuka, maji yalipita njia yake.

Na tangu masika yale, buku huzaliwa na mifuko mashavuni, wala hapiti kitu kilichotupwa bila kukigeuza aone kitafaa nini. Mguu wa Semeni ulibaki mfupi vilevile. Shule nayo ilibaki palepale, umbali ambao mguu huo, siku alipokataa kubebwa, uliweza kuutembea.