Mtani Aliyekuja Kurithi Jogoo

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Jirani alipoyasema hayo mlangoni mlicheka, wajukuu zangu, mkaniuliza huyo mwenyeji alikuwa anaumwa nini. Mmeuliza vizuri, maana wengi hudhani ni habari ya kuku na pilau tu. Kaeni basi niwape chanzo chake, kama nilivyopewa na marehemu mama mkwe wangu, Mungu amrehemu.

Zamani huko Uzigua aliishi mkulima aitwaye Semvua na mkewe Mwanjaa. Walikuwa na watoto watatu waliofuatana kama vidole. Wa kwanza ndiyo kwanza amejua kujifunga nguo, wa pili, Mbelwa, ni mtundu asiyeshiba, na wa tatu bado ananyonya. Semvua akashikwa na homa kali. Mungu akajaalia homa ikatoka, lakini ikaondoka na hamu yake ya kula. Kila akiletewa chakula aligeukia ukutani.

"Mdomo mchungu, mke wangu. Niache."

Mwanjaa akipika uji wa mgonjwa, mgonjwa anaukataa, Mbelwa anaunywa. Mtoto akanenepa, baba akabaki mifupa. Mama naye, akimbembeleza huyu anamnawisha yule, chakula chake anakula amesimama, siku nyingine anakisahau kabisa. Maziwa yakaanza kupungua, na mtoto mchanga akawa analia. Mwanjaa akaona wazi kwamba mume asipokula atakufa, na yeye mwenyewe akianguka watoto hawa hawana wa kuwatazama. Akamwomba Mungu msaada. Lakini majirani wakibisha hodi anawajibu akiwa mlangoni, "Hatujambo, tunashukuru," kwa aibu ya nyumba isiyofagiwa.

Asubuhi moja ikapigwa hodi isiyongoja karibu. Aliingia Mihambo, Mnyamwezi, rafiki wa Semvua wa siku nyingi. Mnajua Wazigua na Wanyamwezi ni watani, hutaniana hata msibani na hakuna anayenuna.

"Semvua! Kumbe bado hujafa? Safari yote hii nimekuja bure!"

Mwanjaa akasema moyoni, ee Mola, nimekuomba msaada, umeniletea mdomo mwingine wa kulisha! Lakini mgeni ni mgeni. Akasema, "Karibu, shemeji. Mwenzio hajiwezi."

"Ndiyo maana nimekuja kuchukua urithi wangu mapema. Jogoo yule mwekundu pale uani ni wangu."

Sauti ikatoka kitandani: "Mbeba mizigo ya misafara we! Jogoo wangu humgusi!"

Mwanjaa akashtuka. Siku nyingi mumewe hakuwa na sauti hiyo.

Jogoo alichinjwa, ugali ukasongwa. Mihambo akaomba sinia liwekwe kando ya kitanda. Akanawa, kisha akakunja mikono.

"Mbona huli?" akauliza Semvua.

"Nile vipi? Desturi ni mwenyeji atangulie, mgeni ajue chakula ni salama. Au mnataka kuniua mimi badala yako?"

"Mimi siwezi, ndugu yangu. Kula tu."

"Basi tushinde na njaa wote. Na watoto nao wangoje, hawawezi kuwatangulia wakubwa."

Mbelwa akapiga kelele, "Baba, kula bwana! Mchuzi unapoa!"

Semvua akalitazama sinia, akamtazama mgeni. Kufa alikuwa amekwisha kukubali, lakini kuitwa mchoyo na Mnyamwezi, hapana! Akajiinua kwa kiwiko, akamega tonge, akachovya, akameza.

"Hilo tonge au punje?" akauliza Mihambo. "Ukila kama kifaranga, na mimi nitadonoa."

Semvua akacheka mpaka akakohoa. Akamega jingine, kubwa. Ndipo Mihambo akageuka mlangoni, alikosimama Mwanjaa na mtoto begani.

"Na wewe, shemeji? Nyumba hii ina wenyeji wawili, naona aliyeonja ni mmoja. Lete huyo mtoto, keti."

Ni mtani tu awezaye kumwamuru mke wa mtu namna hiyo. Mwanjaa akaketi, akala mpaka akashiba, huku mtoto akimvuta Mnyamwezi ndevu.

Mihambo hakuondoka upesi. Kila chakula kilikuja na ugomvi uleule, na kila ugomvi ulizidi kuifunika mifupa ya Semvua. Maziwa ya Mwanjaa yakarudi. Siku mgeni alipoaga, Semvua alimsindikiza kwa miguu yake mwenyewe hadi njia kuu.

"Nitarudi mwakani kukuzika!" Mihambo akasema.

Semvua akamjibu, "Utanikuta nalima!"

Mwanjaa, aliyekuwa nyuma yao na watoto wake, akapaza sauti majirani wote wakasikia: "Njoo, shemeji, usikawie. Mgeni njoo, mwenyeji apone!"