Mwalimu Aliyeikwepa Njia Fupi

Ndugu zangu, kabla sijafundisha chochote asubuhi ya leo, nisikilizeni kidogo niwape habari za mwalimu mmoja mstaafu. Jina lake tuliache. Alifundisha jiografia kule Morogoro miaka thelathini na minne, na kama uliwahi kukaa katika darasa lake unamkumbuka, maana alikuwa na ugonjwa mmoja tu: kuuliza. Hajaweka hata vitabu mezani, anauliza. Kwa nini mvua inanyesha sana upande huu wa mlima na upande ule pakavu? Kwa nini kule juu kabisa hakuna miti? Mwanafunzi akijibu, "Ndivyo ilivyo, mwalimu," anaambiwa, "Kaa chini ufikiri. Hakuna kitu kinachokuwa bila sababu."

Sasa mtu huyu, milima yote aliyoifundisha aliichora ubaoni kwa chaki. Kuipanda mpaka juu hakuwahi. Kwa hiyo alipostaafu alimwambia mkewe, "Mama Enesia, nataka wiki moja. Wiki moja tu, tukaione."

Walikodi gari na dereva. Jioni moja wakaketi watatu sebuleni, ramani imetandazwa juu ya meza, kona moja imebanwa na bakuli la sukari na nyingine na redio. Mwalimu ameshika daftari. Jumatatu, kutoka Morogoro mpaka Mikumi, kisha kukunja kushoto kwenda Udzungwa. Jumanne, kupanda maporomoko ya Sanje. Jumatano, kulala Iringa. Alhamisi, kupanda Kitulo, kwenye tambarare ile ya juu inayojaa maua msimu wa mvua, ambayo wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Ijumaa kushinda huko. Jumamosi, msitu wa Rungwe. Jumapili, kuanza kurudi.

Mama Enesia naye alikuwa haishiwi maswali. Ni kweli kuna mbega wekundu Udzungwa wasiopatikana mahali pengine popote? Na maua hayo ya Kitulo, nani aliyapanda? Usiku kule juu baridi ikoje, abebe mablanketi mangapi? Mwalimu anajibu moja baada ya jingine, anafurahi kama mtoto. Mama yule alikuwa ameyasikia maua ya Kitulo tangu alipoolewa. Mwalimu alizaliwa kwenye miteremko ya safu ile ile, akaondoka mdogo kwenda kusoma, na hata siku moja hakuwahi kupanda mpaka juu.

Dereva alikuwa akiifuata njia kwa kidole. Akafika mahali, kidole kikasimama.

"Mwalimu, hapa naomba kuuliza. Kutoka barabara kuu kuna njia inayopanda moja kwa moja mpaka Kitulo. Kwa saa mbili tunakuwa juu. Wewe umetuzungusha huku, karibu siku nzima. Kwa nini?"

"Ile ina kona nyingi."

"Kona nimezizoea."

"Mvua inaiharibu."

"Na hii uliyoiandika, yenyewe hainyeshewi?"

Mwalimu akafunga daftari. "Tutapita nilikoandika."

Mama Enesia akainuka, akakusanya vikombe akaenda navyo jikoni, na vikombe vyenyewe vilikuwa bado vina chai.

Nawauliza ninyi mlioketi hapa: mnadhani kulikuwa na nini kwenye njia ile? Simba? Majambazi? Daraja bovu? Mtu amewauliza watoto wa watu "kwa nini" miaka thelathini na minne, leo ameulizwa yeye mara moja tu, akafunga daftari.

Basi, safari ikaanza. Jumatatu ikaenda vizuri. Jumanne walipanda Sanje na kijana wa hifadhi aliyekuwa akiwaongoza, mbega wakiwatazama kutoka juu ya miti, na walipofika chini ya maporomoko mwalimu alisimama pale akilowa, kofia mkononi. Alimwambia mkewe, "Nimeyachora maji haya sijui mara ngapi. Sikujua yanapiga kelele kiasi hiki." Mkewe alicheka. Anasema hakuwa amemwona mume wake na uso ule tangu ujana wao.

Jumatano wakalala Iringa. Alhamisi asubuhi wakashika ile njia ndefu, na mvua ikawashika. Kabla ya saa sita mchana wakakuta malori yamesimama kwa foleni, na mbele yake nusu ya kilima imekaa juu ya barabara. Vijana wenye makoleo walikuwa wamekaa tu, wanangoja mitambo. Dereva akashuka kuuliza, akarudi.

"Wanasema labda keshokutwa."

Akazima gari. Mvua inapiga juu ya paa. Mwishowe Mama Enesia ndiye aliyesema.

"Baba Enesia, maua hayatungoji. Chagua. Tupite njia fupi au turudi nyumbani."

Mwalimu alifuta ukungu kwenye kioo, akaitazama foleni ya malori. Kisha akamwambia dereva, "Geuza. Tupite ile."

Ile njia ilikuwa na kona kweli. Lakini haikuwa mbovu. Ilipanda, ikapanda, na walipofika katikati, mashamba ya viazi yakaanza kuonekana pande zote mbili, na mwalimu akamwambia dereva, "Hapa mbele kuna kijiji. Usipunguze mwendo."

Mkewe akasema, "Ukifika kwenye nyumba yenye bati la kijani, simama."

"Mama Enesia."

"Mimi namsalimia shemeji yangu. Wewe ukitaka kaa garini."

Ndugu zangu, katika nyumba yenye bati la kijani alikuwa akiishi mdogo wake mwalimu, tumbo moja, baba mmoja. Miaka kumi na moja nyuma, mama yao alifariki katika nyumba hiyo, mwezi wa nne, masika yamechachamaa. Mwalimu alipopigiwa simu kule Morogoro alisema neno moja: "Nisubirini." Akasafiri siku mbili kwenye matope. Alipofika, alikuta kaburi limeshafunikwa tangu jana yake. Hakuketi. Hakunywa hata maji. Alisimama uani mbele ya watu wote akamwambia mdogo wake, "Kuanzia leo sina ndugu." Akaondoka. Barua mbili za mdogo wake zilimfikia shuleni. Zote alizirudisha bila kuzifungua.

Ndicho kilichokuwa kwenye ile njia fupi. Nyumba moja tu.

Mama Enesia akashuka. Mwalimu akabaki garini, akabaki, halafu naye akafungua mlango. Mke wa mdogo wake alikuwa anatoka shambani, mikono imejaa udongo. Alipomwona alisimama, akafuta mikono kwenye kanga, akapiga magoti kidogo.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba." Akautazama mlango. "Yuko wapi?"

"Hayupo. Ameondoka Jumatatu."

"Amekwenda wapi?"

"Amekwenda kwako, Morogoro. Alisikia umestaafu. Alisema, kaka sasa atakuwa nyumbani mchana, hana tena kisingizio cha shule, nitakaa mlangoni mpaka anifungulie."

Mnaielewa hali hiyo? Jumatatu ile ile. Mmoja anashuka kusini na daftari lake, amepanga wiki nzima asikutane na ndugu yake. Mwingine anapanda kaskazini kwenye basi, kumtafuta. Pengine walipishana pale Mikumi, huyu akiwatazama twiga upande wa kulia, yule amesinzia dirishani.

Mwalimu akakaa chini kwenye ngazi ya ile nyumba. Viatu vyake vina matope ya barabarani. Na pale, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja, mtu yule mwenye maswali akauliza swali lake.

"Shemeji. Kwa nini hamkunisubiri?"

Yule mama akamtazama. "Nilitaka mume wangu akwambie mwenyewe," akasema. "Lakini umeuliza, na mimi nilikuwepo. Ni mama. Siku tatu kabla hajafa alituita wote wawili. Alisema, mwanangu wa Morogoro namjua. Akisikia nimekufa ataniwahi. Mkimwambia mnamngoja, atamhimiza dereva akimbize gari kwenye matope haya, kama mjomba wake alivyokimbilia msiba wa bibi yenu, tukazika wawili. Mimi sitaki. Nizikeni. Yeye aje polepole, afike mzima. Akatuapisha. Mume wangu alilia, akakataa, akaapishwa. Ulipofika tulitaka kukueleza. Hukuketi."

Mkewe alikuja akakaa kando yake. Dereva akaenda kutazama matairi ambayo hayakuwa na tatizo lolote.

Baadaye mwalimu akatoa simu, akampigia jirani yake Morogoro. Jirani akasema ndiyo, kuna mtu tangu Jumatatu usiku, tumempa pa kulala, mchana anakaa barazani kwako, tumemwambia umesafiri, anasema atangoja. Mpe simu, akasema mwalimu. Simu ikapokezanwa, kisha sauti.

"Kaka."

"Niko nyumbani kwako," mwalimu akasema.

"Na mimi niko kwako."

"Nimeambiwa ya mama."

"Nani kakwambia?"

"Niliuliza."

Mwalimu alisikia pumzi tu, pumzi ya mtu mzima anayejizuia. Kisha akasema, "Usiondoke hapo." Mdogo wake akajibu, "Siondoki, kaka. Sikuja ili niondoke."

Kutoka pale mpaka kwenye maua ilibaki saa moja. Saa moja, ndugu zangu. Mwalimu akamgeukia mkewe akasema, "Wewe umeyangoja maua haya tangu nikuoe. Sema wewe." Mama Enesia alitazama juu, kule ambako mawingu yalikuwa yameanza kufunguka kidogo, akatazama muda mrefu, maana alikuwa anayataka kweli. Akasema, "Mwakani yatachanua. Twende."

Wakageuza. Walifika Morogoro Ijumaa jioni, wiki ile imekatwa katikati, hawajaiona Kitulo wala Rungwe. Mdogo wake alikuwa barazani. Walisemezana nini, hayo ni yao, mimi siyatafuti. Najua tu kwamba walikaa nje mpaka chakula kikapoa, na Mama Enesia hakuwaita.

Sasa tuzungumze sisi.

Nilipoanza, nilidhani baadhi yenu mngesema huu ni mfano wa kusamehe. Hapana. Tazameni vizuri. Mwalimu alipofika pale kwenye ngazi hakukuta kosa la kusamehe. Alikuta upendo wa mama yake, umekaa pale miaka kumi na moja, unamngoja auulize. Alimhukumu mdogo wake kwa kutii. Kesi ilisikilizwa dakika moja uani, hakimu amesimama, mshitakiwa hakuulizwa hata jina.

Na sisi tuko hivyo hivyo. Tunauliza mambo yote. Nani kamwoa nani, nani kahamia wapi, kwa nini fulani kanunua gari, kwa nini timu imefungwa, tunauliza mpaka tunachosha watu. Lakini kuna mtu mmoja, dada yako, mwanao, rafiki mliyekua naye, mwenzako mliyekuwa mnaimba naye kwaya hii hapa, ambaye ulimhukumu bila swali hata moja. Ukipanga siku zako unazipanga zimkwepe. Harusi ambayo atakuwepo, wewe una udhuru. Njia inayopita kwake ina kona nyingi.

Mnajua tunaogopa nini? Hatuogopi kutopata jibu. Tunaogopa kulipata. Maana jibu linaweza kutunyang'anya hasira, na hasira hiyo tumeilea, tumeilisha, imekuwa kubwa, tunaishi nayo ndani kama mpangaji wa siku nyingi. Ikiondoka tutakaa na nini?

Mungu anayejua yote bado hutuuliza kabla hajatuhukumu. Wewe usiyejua hata nusu, uliwezaje kuhukumu kabla ya kuuliza?

Labda ukiuliza utagundua kwamba kosa lilikuwepo kweli. Inawezekana, sitawadanganya. Basi angalau utasamehe kitu unachokijua. Na jambo jingine: mwalimu alimkuta mdogo wake hai. Sina uwezo wa kukuahidi kwamba wewe utamkuta wako.

Kwa hiyo tukitoka hapa leo, nitakuwa mlangoni kama kawaida, lakini msinipe mkono na kuniambia mahubiri yalikuwa mazuri. Nipite. Nenda kando ya ukuta pale, tafuta namba yake. Akipokea, msalimie, kisha muulize: kwa nini? Ukishauliza, nyamaza. Mwache amalize.