Mlio wa Nyonga ya Bi Msimu

Hapo zamani, si ile ya mbali, ile ambayo waliokuwepo bado wanaswali pamoja nasi, palikuwa na mwanamke wa Tabora aitwaye Bi Msimu. Hospitalini walimtoa nyonga iliyooza, wakamwekea ya chuma. Kabla hajaizoea, mumewe, Mzee Kapaya, akaitikia mwito wa Mola. Bi Msimu akakaa eda na mguu wake mpya, akiomba jambo moja tu: eda ikiisha, aende kwa miguu yake mwenyewe kumzuru mumewe makaburini.

Siku moja aliinua mguu aupandishe kitandani. Ndani ya kinena kitu kikalia: tak!

Akatulia. Akainua tena. Tak!

Ulikuwa mlio wa bakora ya marehemu kwenye sakafu ya ukumbi. Ule ule, mkavu, usio na haraka.

"Umerudi, Baba Asumini?"

Akainua mguu. Tak! Akacheka, yeye ambaye tangu mazishi hakuwa amecheka.

Ikawa kila akimkumbuka, huinua mguu. Kinena kikaanza kuuma, maumivu yakazidi, naye akainua. Wifi yake, Bi Sikitu, alikuwa akileta uji alipousikia mlio. Akageuka kutazama mlangoni. Hapakuwa na mtu.

"Wifi," akanong'ona, "kaka yangu yumo humu."

Maumivu yalipomshinda, Bi Msimu alimpigia daktari simu. "Mshipa wa nyonga unalia, daktari." Daktari akamwandikia dawa ya mishipa ya fahamu.

Eda ikaisha. Asubuhi hiyo Bi Msimu alioga, akavaa, akainua mguu kuvuka kizingiti. Safari hii nyonga haikulia tak. Kitu kilichanika kama kitambaa, na mguu ukabaki nyuma kama si wake.

Hospitalini ikajulikana: ukingo wa nyonga ya chuma ulikuwa ukisugua kano ya paja, ile kamba inayoshikiza msuli kwenye mfupa, hadi kano ikakatika. Daktari, wifi na binti wakakusanyika kitandani pake.

Daktari akasema, "Mama, uliniambia mshipa. Ungesema kano, ningekuita siku ile ile."

"Kano?" Bi Sikitu akadakia. "Kano ni za ng'ombe, daktari, tunazitafuna kwenye supu! Mtu ana mishipa." Kisha sauti ikamshuka. "Lakini wifi alitaka kuja kwako, mimi nikamzuia. Nilisema mwenye eda hatoki. Leo ndio sheikh ananiambia mgonjwa anaruhusiwa."

Asumini, binti wa Bi Msimu, akasema, "Mimi niliweka kiganja pale, nikasikia kitu kikiruka chini ya ngozi. Nilijua si Baba. Lakini ulikuwa unacheka, Mama. Ningekunyang'anyaje?"

Bi Msimu akamshika kiganja kile.

"Mwanangu, kiganja chako kilikuwa juu ya changu. Na mimi nilijua."

Wanne hao kila mmoja alikuwa na radhi ya kuomba, na hakuna aliyetangulia kuiomba. Basi nyinyi mnaosikiliza: je, nani alistahili kuiomba, na nani alistahili kuombwa?