Rafiki wa Zamani, Mpya Kabisa

Hapo zamani, katika mji wa Tumbwe, alitawala Sultani Badawi, mtu mwenye haraka kuliko maziwa yanayochemka. Fundi Mkadamu alipomaliza kumwezekea paa la jumba, Sultani aliamuru ngazi iondolewe papo hapo, maana kazi imekwisha, ngazi ya nini tena? Fundi alikuwa bado juu. Akakaa huko kama kunguru hadi majirani wakamhurumia, wakamshusha. Basi tangu siku hiyo mafundi wakiitwa jumbani hujifanya viziwi, na mmoja alijifanya maiti, akaoshwa kabisa.

Ikawa masika, paa likavuja. Sultani akila wali chini ya mwavuli, akilala chini ya meza, na fundi hapana.

Siku moja akachungulia dirishani, akamwona Chande, fukara wa kandambili moja, ambaye domo lake lingetosha watu saba. Kila mlango aliopita aliitwa, "Chande, njoo ule, bwana!" Sultani akaona wivu, akamwita.

"Ewe Chande, huna kitu. Mbona watu wanakugombea?"

"Ni marafiki wa zamani, Maulana. Na sura yangu nayo, wajionea mwenyewe."

"Basi nami nataka rafiki wa miaka ishirini. Awe mpya kabisa, asiyetumiwa na mtu. Nimpate Ijumaa, ama sivyo nitakikata kichwa chako."

Waziri akanong'ona, "Maulana, wa zamani, tena mpya?"

"Nyamaza! Ijumaa!"

Chande akatoka akiwatambia askari, "Kazi yenyewe hii tu?" na alipopinda kona tu, akatimua mbio. Akazunguka mji mzima, asimpate rafiki mpya hata wa miaka miwili.

Ijumaa asubuhi, akiwa ameshaanza kuiaga shingo yake, akasikia vigelegele kwa Fundi Mkadamu. Mtoto wa fundi alikuwa anatolewa nje, arobaini yake imetimia. Chande akajipiga kofi la paji la uso, akacheka peke yake. Akambembeleza mama mtu hadi akakubali, akaingia barazani kwa Sultani na kichanga mikononi, baba mtu nyuma akitweta.

"Maulana, huyu hapa rafiki wa miaka ishirini. Mpya, ametolewa leo."

"Huyu mtoto!"

"Naam. Rafiki wa miaka ishirini huanza na siku ya kwanza, ila wewe wako wote huwatupa siku ya pili. Mshike shingo, Maulana, asiharibike kabla hajawa wa zamani."

Sultani akampokea kama apokeaye chungu cha moto. Mtoto akalilowesha joho, akazishika ndevu, akang'ang'ana. Mara tone likadondoka kutoka paani, likamwangukia mtoto puani. Sultani akavua kilemba, akamfunika, upara wake mwenyewe ukapokea mvua. Kisha akacheka hadi machozi, na mengine yalikuwa ya ndevu, kwani mtoto hakuziachia.

Fundi Mkadamu akakohoa. "Nitapanda, Maulana. Lakini ngazi utaishika wewe."

"Nitaishika."

"Mpaka lini?"

"Mpaka ushuke, fundi wangu."

Chande akatunukiwa lile joho, bado bichi, akazunguka nalo mji mzima akiapa kuwa harufu ile ndiyo ya kifalme. Na Sultani akasimama mvuani, mkono mmoja ngazi, mkono mmoja rafiki yake wa zamani, na kila mara sauti ikitoka juu: "Upo?"

"Nipo!"

"Upo bado?"

"Nipo, bwana wee, ezeka!"